Nani Ana Haki ya Kusema "Bado"? Somo Kuhusu Kazi za Nyuma ya Jukwaa la Roki

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na hapa chuoni hilo analijua hata mtu ambaye hajawahi kusikiliza wimbo mmoja wa Queen hadi mwisho. Sasa uliza kuhusu Gerry Stickells. Kimya. Huyu bwana alikuwa fundi magari wa Kiingereza. Jimi Hendrix alipofika London mwaka 1966, Stickells akawa mtu wake wa safari, na baadaye, miaka ya 1970 na 1980, akawa meneja wa ziara za Queen. Februari 1981 Queen walimaliza maonyesho yao Tokyo. Siku kumi baadaye walikuwa wanapiga Buenos Aires, kwenye uwanja wa mpira wa Vélez Sarsfield, upande wa pili wa dunia kabisa. Mwezi uliofuata wakapiga São Paulo, katika uwanja wa Morumbi, mbele ya watu zaidi ya laki moja kwa usiku mmoja.

Freddie alipanda ndege, akashuka, akaimba. Spika, taa, nyaya na ala nazo zilisafiri. Kuna mtu alizipakia, kuna mtu alizipitisha forodha, kuna mtu alizifunga na kuziwasha, halafu wote hao wakakaa gizani ili sisi tumwone Freddie.

Makala haya yanahusu watu wa gizani. Nimeyaandika kama somo kwa sababu mbili. Kwanza, ni ajira. Tunaosoma uhandisi, uhasibu, sheria, ugavi na hata lishe tungeweza kuishi kwa kazi hii, lakini wengi wetu hatujui kwamba ipo. Pili, fani hii ina fundisho moja ambalo naona linatuhusu hata asiyependa muziki kabisa: mtu wa nyuma ya jukwaa halipwi kwa sababu ana misuli. Analipwa kwa sababu anakagua, na akikuta kasoro ana haki ya kusema "bado" wakati watu wote wanataka kuanza.

Mimi nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, na huwa nawasaidia mafundi mitambo kwenye shughuli zetu za chuo. Mifano mingi hapa ni ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko ziara za roki zilikokomaa. Itakapogusa nyumbani nitasema.

1. Fani ilianza kwa kutosikika

Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa mno. Vikuza sauti vya magitaa vilikuwa vya wati 100 kila kimoja, na vilitengenezwa maalumu kwa ajili ya ziara ile. Sauti za waimbaji zilipitishwa kwenye spika za uwanja, zile zile za kutangazia mchezo wa besiboli. Kelele za mashabiki zikafunika kila kitu. Wanamuziki wenyewe hawakujisikia. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, wakaacha kabisa kufanya ziara, na kutosikika ilikuwa mojawapo ya sababu.

Unajua walikuwa na watu wangapi wa kushughulikia vyombo na safari? Kimsingi wawili tu: Neil Aspinall, aliyekuwa amesomea uhasibu, na Mal Evans, aliyekuwa fundi wa simu. Hawa wawili waliendesha gari, wakabeba ala, wakafunga ngoma, wakatafuta chakula, wakazuia mashabiki. Kwa Kiingereza watu wa namna hii waliitwa rodii, yaani watu wa barabarani, na jina limebaki hadi leo japo wengi wao siku hizi hupenda kuitwa mafundi. Kwa taarifa yenu, Aspinall hakuishia kwenye gari. Ndiye aliyekuja kuiongoza kampuni ya Beatles, Apple Corps, hadi mwaka 2007. Wahasibu, mpo?

Kutoka hapo tatizo likazaa biashara. Huko Pennsylvania ndugu wawili, Roy na Gene Clair, walikuwa wakikodisha spika zao, zikiwemo shughuli za muziki katika chuo cha jirani, Franklin & Marshall. Kundi la Four Seasons likapiga pale mwaka 1966, likaipenda sauti, likawaomba ndugu hao wasafiri nalo. Leo kampuni iliyotokana na hao ndugu ni miongoni mwa kampuni kubwa za sauti za ziara duniani. Naomba mlikumbuke hilo kila mnapomwona mtu anakokota spika kuelekea ukumbi wa chuo.

Mwaka 1974 Grateful Dead walikwenda mbali zaidi. Walijenga ukuta wa mamia ya spika nyuma ya wanamuziki, mtambo wenye uzito wa takriban tani 75. Kila chombo kilikuwa na spika zake. Kwa kuwa waimbaji walisimama mbele ya spika, na maiki ikielekea spika hupiga ule mluzi mnaoujua, mafundi waliweka maiki mbili kwa kila mwimbaji, zikiwa zimeunganishwa kinyume. Sauti iliyoingia zote mbili kwa pamoja ilijifuta, na ile iliyoingia moja tu, ya mwimbaji aliyeisogelea, ikapita. Ni hesabu nzuri sana ya mawimbi. Lakini mtambo ule ulikula fedha na watu kiasi kwamba kabla mwaka haujaisha ukastaafishwa, na bendi yenyewe ikapumzika kufanya ziara. Hapo fani ikajifunza kwamba kitu kizuri kisichofungika na kusafirishika kwa wakati hakifai kwa ziara.

2. Siku moja kazini

Tuseme bendi kubwa inapiga leo usiku kwenye ukumbi wa watu 15,000. Kazi huanza asubuhi, wakati wanamuziki bado wamelala.

Wa kwanza kuingia ni mafundi wa kuning'iniza. Wanapima sakafu, wanachora alama kwa chaki, kisha wenzao walio juu ya dari wanashusha kamba na kupandisha minyororo. Kila alama ya chaki ni mahali ambapo kitu kizito kitaning'inia juu ya vichwa vya watu. Baada yao zinapanda fremu za taa, halafu spika, halafu skrini. Ndipo jukwaa linasogezwa mahali pake na vyombo vya bendi vinapangwa.

Fundi wa gitaa anabadilisha nyuzi na kutyuni gitaa moja baada ya jingine, maana kwenye onyesho atakuwa akimkabidhi mpigaji gitaa jipya kati ya wimbo na wimbo. Fundi wa ngoma ana zulia lenye alama za utepe, ili kila mguu wa kila ngoma ukae palepale ulipokaa jana katika mji mwingine. Mafundi wa sauti ni wawili na msiwachanganye: mmoja yuko katikati ya ukumbi na anachanganya sauti mnayoisikia ninyi. Mwingine yuko pembeni ya jukwaa na anachanganya ile wanayoisikia wanamuziki. Huyu wa pembeni ndiye anayeangaliwa kwa jicho kali mwimbaji asipojisikia. Kwetu MC hupiga kelele "fundi mitambo, ongeza monita!" Kwenye ziara kubwa huwa ni ishara tu ya kidole.

Juu yao yupo meneja wa uzalishaji, anayesimamia malori, umeme, jukwaa na ratiba. Meneja wa ziara anashughulikia watu: hoteli, viza, posho, fedha za mlangoni, na mwimbaji aliyeamka vibaya. Wapo wahasibu wa ziara, wapishi, madereva, walinzi, na vibarua wa mji husika wanaokuja kupakua asubuhi na kupakia usiku.

Wimbo wa mwisho ukiisha, mashabiki wanaenda kula, nyuma ya jukwaa ndiyo kwanza kazi inaanza upya. Kila kitu kinashuka kwa mpangilio wa kinyume. Lori lina utaratibu wake: kitakachohitajika kwanza kesho ndicho kinachoingia mwisho leo. Saa saba au saa nane usiku malori yanaondoka, mafundi wanalala kwenye vitanda vya basi, na wakiamka wako mji mwingine.

Ziara ikiwa kubwa zaidi, hata muda wa kujenga hautoshi. Ziara ya U2 ya mwaka 2009 hadi 2011 ilikuwa na jukwaa la chuma lenye miguu minne na urefu wa takriban mita 50. Kulijenga kulichukua siku kadhaa, kwa hiyo yalitengenezwa matatu. Wakati moja linatumika, jingine linajengwa mji unaofuata na la tatu linabomolewa mji uliopita. Hiyo ni hesabu ya ugavi tupu, wala haina gitaa ndani yake.

3. Hesabu tatu za nyuma ya jukwaa

Wale wanaosema "hesabu za darasani hazina kazi" naomba wasome sehemu hii polepole.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwenye uwanja mkubwa mtu aliye mita 85 kutoka jukwaani anaisikia sauti robo sekunde baada ya kupigwa. Ukimwekea spika ya ziada karibu naye na kuilisha moja kwa moja kwa waya, atasikia kila neno mara mbili, kwanza la spika ya karibu, halafu la jukwaani. Dawa yake ni kuichelewesha spika ile ya karibu kwa robo sekunde. Kwa hiyo mkiwa kwenye uwanja wazi mkasikia maneno yanagongana, jueni pengine hapakukosekana spika. Palikosekana mtu wa kugawanya 85 kwa 340.

Hesabu ya pili ni ya pembe. Mzigo wa kilo 1,000 ukining'inizwa kwa kamba mbili zilizo wima, kila kamba inabeba kilo 500. Zitanue kamba hizo hadi pembe kati yake iwe nyuzi 120, na kila moja inabeba kilo 1,000 kamili. Zitanue hadi nyuzi 150, kila moja inabeba zaidi ya kilo 1,900. Mzigo haujaongezeka hata gramu moja. Kilichobadilika ni pembe tu. Mtu asiyejua hili ataangalia kamba mbili na kusema "zinatosha, si zipo mbili bwana."

Hesabu ya tatu ni ya masikio. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mfanyakazi asizidishe saa nane kwenye kelele ya desibeli 85. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu. Onyesho la roki linaweza kwenda saa mbili kwa desibeli 100, na shabiki anakwenda mara moja kwa mwaka. Fundi anakwenda usiku tano kwa wiki. Vizibo vya masikio ni kifaa cha kazi sawa na bisibisi.

4. Pipi za kahawia

Kuna kisa mashuhuri cha bendi ya Van Halen ambacho watu hukisimulia kama mfano wa kiburi cha wasanii. Kwenye mkataba wao wa maonyesho wa mwaka 1982, katika orodha ya vyakula, waliomba bakuli la pipi za M&M's, na wakaonya kwamba zisiwemo kabisa zenye rangi ya kahawia. Watu walicheka: yaani mtu mzima anachagua rangi ya pipi?

Mwimbaji wao, David Lee Roth, alieleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1997. Bendi ilikuwa inapeleka malori tisa kwenye miji iliyozoea kupokea matatu. Mkataba ulikuwa mnene, umejaa masharti ya uzito, ya umeme, ya nafasi kati ya soketi na soketi. Sharti la pipi lilifichwa humo. Roth akifika ukumbini alikwenda kwanza kuangalia bakuli. Akikuta pipi za kahawia, alijua wenyeji hawakusoma mkataba, na hapo hapo wakaagiza kila kitu kikaguliwe upya mstari kwa mstari. Kwa maelezo yake, ukumbi mmoja huko Pueblo, Colorado, haukuwa umesoma masharti ya uzito, na jukwaa likazama kwenye sakafu mpya.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba hakihusu pipi wala kiburi. Huwezi kukagua kila nati katika kila mji. Unachoweza ni kutafuta alama ndogo inayokuambia kama mwenzako amesoma. Wahadhiri wetu hufanya vilevile wanapotuwekea maelekezo kwenye ukurasa wa pili wa zoezi. Na wanasheria wa humu chuoni waelewe: mtu aliyeandika mkataba ule alikuwa anafanya kazi ya usalama.

5. Siku ambazo "bado" haikusemwa

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Tarehe 3 Mei 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikuwa jukwaani Swansea, Wales. Alishika maiki ambayo mfumo wake haukuwa na ethi sawasawa. Umeme ukampitia, akafa. Ukiwa na mkono mmoja kwenye nyuzi za gitaa na mwingine kwenye maiki, wewe mwenyewe ndiwe waya kati ya mitambo miwili. Kipimo cha kugundua tatizo lile hakifiki dakika mbili.

Tarehe 16 Juni 2012, saa chache kabla ya onyesho la Radiohead katika bustani ya Downsview, Toronto, paa la jukwaa lilianguka. Mageti yalikuwa hayajafunguliwa, vinginevyo tungezungumzia vifo vya mashabiki wengi. Aliyekufa ni fundi wa ngoma wa bendi, na wenzake watatu wakajeruhiwa. Alikuwa akifanya kile nilichokieleza juu: kupanga ngoma zikae palepale zilipokaa jana. Mashitaka yalifunguliwa mwaka 2013, na mwaka 2017 yakasimamishwa na mahakama kwa sababu kesi ilikuwa imechelewa mno. Mwaka 2019 baraza la uchunguzi wa kifo lilikaa na kutoa mapendekezo ya kuzuia yasitokee tena. Miaka saba kwa familia kusubiri kusikia tu jinsi ilivyotokea.

Sasa tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Aliyekufa chini ya paa lile hakulijenga. Aliyeliidhinisha hakuwa chini yake. Fundi wa ngoma anaingia mahali ambapo wengine wameshasema "tayari", na yeye anaamini neno lao kwa mwili wake. Kazi yote ya nyuma ya jukwaa imesimama kwenye imani hiyo. Fundi wa taa anamwamini aliyefunga mnyororo. Mwimbaji anamwamini aliyepima ethi. Mashabiki wanawaamini wote bila kujua majina yao.

Kwa hiyo swali la msingi kwenye ziara yoyote, au bash lolote, si "nani anajua kufunga?" Ni "nani anaweza kusimamisha?" Mtu huyo awe anajulikana kwa jina. Asiwe yule yule anayepoteza fedha onyesho likichelewa. Na akisema "bado", asitukanwe. Kama fundi anajua kwamba akisema "bado" hataitwa tena kazini, basi hamna ukaguzi hapo, kuna maigizo ya ukaguzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwenye jukwaa ufa haukusubiri ujenge.

6. Maslahi, bila kupambwa

Nisiwadanganye kwamba ni maisha ya raha. Wengi kwenye fani hii hawana ajira ya kudumu. Wanalipwa kwa wiki au kwa siku, pamoja na posho ya chakula, na ziara ikiisha malipo nayo yanaisha. Machi 2020, korona ilipofunga kumbi karibu dunia nzima, mafundi wenye uzoefu wa miaka ishirini walijikuta hawana kipato ndani ya wiki moja. Waliokuwa jukwaani waliweza angalau kuuza nyimbo. Fundi wa kuning'iniza angeuza nini?

Kuna pia gharama ya mwili na ya nyumbani: usingizi wa vipande vipande, mgongo, masikio, watoto wanaokua ukiwa safarini, na ulevi ulio karibu kila usiku. Anayeingia aingie akijua.

Je, wanawake? Tana Douglas alianza kufanya kazi na AC/DC nchini Australia mwaka 1974, akiwa hajafikisha hata miaka 18, na anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza kuifanya kazi ya rodii katika ziara za roki. Baadaye akahamia Uingereza na kuendelea na bendi kubwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2021 alichapisha kitabu cha maisha yake. Dada zangu wa uhandisi, msimruhusu mtu awaambie kwamba kazi hii ni ya wenye vifua. Mnyororo wa umeme hupandisha tani moja kwa kubonyeza kitufe, na anayehitajika ni mwenye kujua kama dari linaweza kuibeba.

Na kuna njia ya kupanda. Noel Gallagher alikuwa fundi wa Inspiral Carpets kabla ya Oasis. Lemmy alimbebea vyombo Hendrix kabla ya kuanzisha Motörhead. Lakini tusiwatumie hawa kama chambo. Wengi hawapandi jukwaani na wala hawataki. Wanataka kulipwa kwa wakati, na waheshimiwe.

7. Ukitaka kuingia

Kwetu hapa ziara za roki za malori tisa hakuna. Kuna taarabu, dansi, bongo fleva, kwaya, sherehe, mikutano na matamasha, na ethi haiulizi unapiga muziki gani. Sauti za Busara, Zanzibar, tamasha lililoanza mwaka 2004, linasisitiza muziki wa kupigwa mubashara. Bendi inayopiga mubashara inahitaji mafundi halisi, wala haitoshi mtu wa kubonyeza tu flashi. Anza na kilicho karibu: mwombe fundi mitambo wa ukumbi au kanisa au msikiti akufundishe kukunja waya vizuri. Ndiyo, kukunja waya. Ndicho kitu cha kwanza wanachokiangalia mafundi wote, hata wale wa London.

Beba tochi, kipima umeme, utepe, kalamu ya wino mzito na vizibo vya masikio. Jifunze kuandika orodha na kuifuata. Fika kabla ya muda. Usiombe picha na msanii.

Na kabla hujakubali kibarua chochote, uliza maswali haya matano. Nalipwa kiasi gani, na lini? Nikiumia, nani anagharamia hospitali? Nani amekagua umeme na ethi leo, si wiki iliyopita? Nani amehesabu uzito unaoning'inia? Na nani hapa ana mamlaka ya kusimamisha shughuli? Ukiona wanakucheka kwenye swali la tano, umeshapata jibu la maswali manne ya mwanzo.

Namalizia kwa ombi kwa Wizara ya Michezo na Burudani ya serikali yetu ya wanafunzi. Kabla ya kila shughuli yenye jukwaa, mahema au jenereta, liandikwe jina la mtu mmoja kwenye karatasi ya ratiba, chini ya jina la MC: msimamizi wa usalama wa jukwaa. Asiwe mtu wa kamati ya fedha. Apewe fomu ya ukurasa mmoja yenye ethi, nyaya zinazokatiza njia, uzito, upepo, njia za kutokea na kizima moto. Bila sahihi yake maiki isiwashwe, hata kama mgeni rasmi ameshakaa kitini. Fomu hiyo nimeshaiandaa, na nitaikabidhi ofisini Jumatatu. Mwenye cha kuongeza anikute karakana ya umeme, mchana, baada ya vipindi.